Kamera Inakwama, Kadi Inalaumiwa: Namna ya Kutafuta Mlango Mwembamba

Bi harusi anaingia ukumbini, vigelegele vimepanda, wewe umeshikilia shata. Picha ishirini za kwanza zinatoka kama mvua, halafu kamera inaanza kupiga moja moja, mwisho inanyamaza kabisa huku taa ya kadi ikiwaka. Wapiga picha wengi wa hapa Mwanza wakifika hapo hukimbilia kununua kadi ya bei kubwa zaidi. Wengine wanapona. Wengine wanaingia harusi ya Jumamosi inayofuata na kadi mpya, na kimya ni kilekile.

Picha hupita milango minne kabla haijatua kwenye diski ya kompyuta: kamera yenyewe, sloti (tundu la kadi), kadi, na rida (kisomeo cha kadi) pamoja na waya wake. Mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua kasi. Ukipanua mlango ambao tayari ni mpana, hela imekwenda bure. Kwa hiyo tunaanza na dalili. Jina la kadi litakuja baadaye.

Kabla ya yote, soma kadi uliyo nayo

Namba iliyoandikwa kwa herufi nene, tuseme 170 au 200, ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kutoa picha kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kamera ikiwa kazini haisomi, inaandika. Kasi ya kuandika huwa ndogo zaidi, na mara nyingi iko nyuma ya pakiti kwa maandishi ya kukodolea macho, au haipo kabisa.

Tafuta sasa namba ya Kirumi, I au II. Hiyo ni njia ambayo data hupita. UHS-I kikomo chake ni MB 104 kwa sekunde, UHS-II ni MB 312. Utauliza, kadi ya UHS-I inapata wapi hiyo 200? Ni ujanja wa kiwanda unaofanya kazi kwenye rida zilizotengenezwa kuuelewa. Ndani ya kamera haukusaidii kitu.

Alama ya V ndiyo ahadi yenyewe. V30, V60 na V90 maana yake kadi haitashuka chini ya MB 30, 60 au 90 kwa sekunde wakati video inarekodiwa. U3 ni sawa na 30, C10 ni 10. A1 na A2 ni mambo ya programu za simu, zipuuze.

Halafu geuza kadi uhesabu pini. SD ya UHS-I ina pini 9 katika safu moja. Ya UHS-II ina 17, safu mbili. Kadi iliyoandikwa II au V90 mbele, na nyuma ina safu moja, irudishe kwa muuzaji hapohapo kabla hujaondoka mezani kwake. Hakuna haja ya kuipima.

CFexpress ni ukoo mwingine. Aina A ni ndogo, milimita 20 kwa 28, na utaikuta kwenye Sony. Aina B ina umbo la XQD ya zamani, na inakaa kwenye kamera kama Canon R5 na Nikon Z6 II. Haziingiliani hata kwa kulazimisha. Katika toleo la 2.0, kikomo cha njia ya A ni kama MB 1,000 kwa sekunde na B ni 2,000. Toleo la 4.0 limezidisha mara mbili, ila kamera ya toleo la zamani itaendelea na mwendo wake wa zamani. Huku alama ya ahadi ni VPG, kwa mfano VPG200 au VPG400.

Dalili: kamera inapiga mfululizo, kisha inaganda

Kamera huweka picha kwanza kwenye bafa, kumbukumbu yake ya ndani, halafu inazihamishia kwenye kadi. Bafa ikijaa, shata inasubiri nafasi ipatikane. Swali ni nani anayechelewesha foleni, na jibu lake halitaki kubahatisha. Pima:

1. Weka betri iliyojaa. Fomati kadi ndani ya kamera. Chagua RAW (faili ghafi la picha) peke yake na sloti moja tu.
2. Zima fokasi ya kujiendesha, weka shata 1/500, na ISO isiyobadilika. Elekeza kwenye kitu chenye mambo mengi, mfano dagaa walioanikwa au majani ya mti. Ukuta mweupe utakudanganya, kwa sababu faili la RAW lililobanwa huwa dogo pale picha isipokuwa na kitu.
3. Bonyeza shata na saa ya simu kwa pamoja. Shikilia sekunde chache baada ya kamera kuanza kukwama, kisha achia.
4. Simamisha saa pale taa ya kadi inapozima. Jumlisha MB za mafaili yote, gawa kwa sekunde.

Mfano: picha 100 za MB 25 ni MB 2,500. Taa imezima sekunde ya 31. Hiyo ni kama MB 80 kwa sekunde.

Sasa tafsiri. Kama kamera ni ya UHS-I, kama Canon 6D Mark II, Canon 80D au Nikon D750, na umepata kati ya 75 na 95, kadi imemaliza kazi yake. Ya bei mara tatu itakupa jibu lilelile. Kama kamera ni ya UHS-II na bado unaona 80, mara nyingi ama kadi ni ya UHS-I, ama umeiweka kwenye tundu lisilo lake. Sony A7 III ni mfano mzuri: sloti ya 1 ni UHS-II, ya 2 ni UHS-I, na ya 1 ndiyo iliyo chini. Mkono unazoea kuweka kadi nzuri juu, ndiko inakobanwa. Canon 5D Mark III nayo ina sloti ya SD isiyoijua UHS hata kidogo. Humo hata kadi ya kifalme inatambaa, kwa hiyo RAW ipelekwe kwenye CF (CompactFlash), kadi ya sloti yake nyingine.

Jambo linalosahaulika zaidi ni sloti mbili kuandika kitu kilekile kwa pamoja. Ukirekodi RAW kwenye CFexpress na nakala yake kwenye SD, kamera yote inakwenda kwa mwendo wa SD. Nakala ni muhimu harusini, hatusemi uiache. Peleka RAW kwenye kadi ya kasi na JPEG kwenye ile nyingine, foleni itapungua na bado utakuwa na akiba.

Rudia kipimo kwa kadi ya pili ya aina tofauti. Muda ukiwa uleule kwa kadi zote mbili, mlango mwembamba ni kamera, na dawa iko kwenye menyu: RAW iliyobanwa, fremu chache kwa sekunde, na kuzima usafishaji wa chenga za ISO kubwa na masahihisho ya lenzi kwenye JPEG. Kwenye Canon za kioo (DSLR), mipangilio hiyo miwili ya mwisho ikiachwa imewashwa inaweza kukata idadi ya picha za mfululizo vibaya sana. Mengine ni mkono wako. Mdiria, ndege mvuvi wa kisiwa cha Saanane, husimama hewani akipiga mbawa muda mrefu kabla hajajitupa majini. Anayeshikilia shata tangu mwanzo huwa amejaza bafa ndege anapokunja mbawa.

Dalili: video inajikata yenyewe

Angalia kwanza imekatika wapi. Ikikatika kila mara kwenye dakika ya 29 na sekunde 59, huo ni ukomo wa kamera za zamani, kadi haina kosa. Ikikatika na alama ya kipimajoto, kamera imechemka: uko mwaloni Kirumba saa saba mchana, hakuna kadi itakayokuokoa, nenda kivulini. Ikikatika sekunde tofauti kila mara, na ujumbe unasema kadi ni ya polepole, hapo ndipo tunahesabu.

Kamera huhesabu kwa megabiti, kadi kwa megabaiti. Kwenye menyu ukiona 100M, hiyo M ni megabiti. Gawa kwa 8:

100M ni MB 12.5 kwa sekunde.
250M ni MB 31.25.
500M ni MB 62.5.

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Sony za sasa zikirekodi 4K ya XAVC S-I (aina yao ya video nzito) hutumia 250M kwa fremu 25 na 500M kwa fremu 50. V30 imeahidi 30, na wewe unaomba 31.25. V60 imeahidi 60, unaomba 62.5. Ni pungufu ya kijiko cha chai, lakini ndipo kamera inapokataa kuanza, au inapoanza vizuri kisha ikakata katikati ya nasaha za wazazi. Kadi nyingi za V30 zina uwezo halisi uliozidi ahadi, kwa hiyo zitakubali leo na kesho. Siku kadi hizo zitakapokuwa zimejaa na kuchoka, zitakuangusha. Kwa 250M nunua V60, kwa 500M nunua V90 au CFexpress.

Ukipunguza fremu ili kuipumzisha kadi, baki kwenye 25 au 50. Umeme wetu ni wa Hz 50, na fremu 30 chini ya tyubu laiti za ukumbini zitakuletea mistari inayocheza kwenye ukuta.

Kabla hujanunua, jiulize kama unahitaji uzito huo. 500M inakula GB 225 kwa saa, kadi ya GB 128 inaisha ndani ya dakika 34. 100M inakula GB 45 kwa saa, kadi hiyohiyo inafika karibu saa mbili na dakika hamsini, na U3 ya kawaida inaibeba bila jasho. Misa, send-off na kitchen party ni kazi za 100M. Zile 250M ziweke kwa vipande vifupi utakavyokuja kuvipaka rangi. 8K RAW ya Canon R5 ni habari nyingine kabisa: kama megabiti 2,600, yaani MB 325 kwa sekunde, ambazo hata kikomo cha UHS-II hakizifikii. Hapo ni CFexpress Aina B tu.

Dalili: inaanza kwa kasi, baada ya dakika chache inachoka

Kadi nyingi zina sehemu ndogo ya mbele inayopokea data haraka. Ikijaa, kadi inarudi kwenye mwendo wake wa kweli. Ndiyo maana kipimo cha sekunde kumi dukani hakikuambii kitu. Ingiza kadi kwenye kompyuta, nakili faili moja la GB 20 au zaidi kuelekea kwenye kadi, na utazame mchoro wa kasi wa Windows. Ukianguka kutoka 200 hadi 40 na kubaki hapo, basi 40 ndiyo kadi uliyonunua.

Kama zamani ilikuwa haianguki, huenda imejaa mabaki. Kufuta picha moja moja, au fomati ya haraka, hakusafishi seli. Kamera nyingi za Canon zina fomati ya kina kwenye menyu ileile ya fomati. Kwenye kompyuta, chama cha SD kinatoa bure programu yake ya kufomati, SD Memory Card Formatter. Chagua ile ya kuandika juu ya kadi nzima. Mara nyingi kasi inarudi. Isiporudi, kadi imezeeka: itumie kubebea muziki wa gari.

CFexpress Aina B huchemka ikifanya kazi mfululizo, na ikichemka inajipunguzia mwendo ili isiungue. Ikitoka kwenye kamera ikiwa ya moto, si ugonjwa. Ikipungua mwendo kila baada ya dakika ileile, tafuta kadi yenye alama ya VPG, maana hiyo imepimwa kwa kuandika bila kupumzika.

Dalili: kadi mpya, nafasi tele, baadhi ya picha hazifunguki

Picha za mwanzo ziko salama, za baadaye ni nusu kijivu au zinagoma kabisa. Hii ni sura ya kadi feki. Ndani kuna GB 8 au 16, lakini imefundishwa kuitangazia kamera GB 128. Kamera inaandika kwa imani, na data inayozidi uwezo wa kweli inapotea au inafunika ya zamani. Kuifomati hakusaidii, itaendelea kudanganya.

Kosa la upande wa pili pia lipo: kadi ya GB 64 ikionyesha 59 na kitu kwenye Windows, au ya 128 ikionyesha 119, hiyo si feki. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Kila kadi mpya ipimwe kabla haijaenda kazini. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mac na Linux tumia F3. Zote ni za bure. Programu inaijaza kadi mpaka mwisho kwa data inayoijua, kisha inaisoma yote na kulinganisha. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 80 kwa sekunde itachukua kama dakika 27 kujaa, na muda mwingine wa kusomwa. Usikatishe njiani kwa sababu sehemu ya mwanzo ni nzima. Feki zote huwa nzima mwanzoni. Elewana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba utaipima na ikifeli utairudisha siku hiyohiyo, na uondoke na risiti. Muuzaji anayekataa hilo amekuokolea muda.

MicroSD ndani ya kibebeo cha SD hatuipendekezi kwa kazi ya kulipwa, hata ikiwa orijino. Kibebeo ni mgusano wa ziada, na kikilegea kidogo tu kamera inaona kadi imetolewa wakati inaandika.

Dalili: kuhamisha picha kunachukua nusu saa

Kadi ya GB 64 kupitia rida ya USB 2.0, ambayo kiuhalisia hutoa kama MB 35 kwa sekunde, ni dakika 30. Kadi hiyohiyo, ikiwa ya UHS-II na rida ya UHS-II kwenye USB 3.0, kwa MB 250 ni dakika nne na ushee. Wanaolalamika kwamba kadi ya gharama haina tofauti mara nyingi wamebaki na rida waliyopewa bure pamoja na kadi ya simu.

Chungulia ndani ya mdomo wa USB wa rida: USB 3.0 huwa na pini tano za ziada, na mara nyingi plastiki ya bluu. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia kigawanyo cha USB cha bei rahisi. Tundu la SD la laptopu nyingi ni UHS-I tu. Na kumbuka mwisho wa safari: eksteno ya diski inayozunguka hupokea kama MB 100 hadi 130 kwa sekunde, hata rida iwe na mbio za swala.

Usitumie kukata na kubandika. Nakili, hakikisha idadi na ukubwa vinalingana, fungua picha tano za katikati na za mwisho, ndipo kadi ifomatiwe kwenye kamera. Umeme ukikatika wakati kompyuta ya mezani inakata na kubandika, unaweza kubaki na faili nusu huku na nusu kule.

Dalili: kamera haiioni kadi, au inasema imefungwa

Kufungwa: kitufe cha pembeni ya SD kimeteremka au kimevunjika. Kadi yenyewe haijui kama imefungwa, ni sloti inayohisi kitufe kiko wapi. Kipande chembamba cha selotepu mahali pa kitufe kitakuruhusu umalize kazi, ila usikiache humo kwa wiki, kitabanduka na kugandia ndani.

Err 02 kwenye Canon ni kamera kushindwa kuifikia kadi. Zima, toa betri, toa kadi, futa pini kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, rudisha. Kwenye CF za zamani mulika sloti kwa tochi: pini moja iliyolala ni kazi ya fundi, usiinyanyue kwa sindano. Nikon za kioo zikionyesha For, zinaomba fomati. Kama kadi ina picha, kataa. Acha kuitumia, nenda kwenye kompyuta, endesha PhotoRec, programu ya kuokoa picha zilizopotea, na zinazookolewa ziandikwe kwenye diski nyingine, si kwenye kadi hiyohiyo.

Dalili: picha zimefika, video hazipo

Hii ni ya Sony, na imeliza watu. Picha ziko kwenye folda ya DCIM, lakini video za XAVC S ziko PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP. Msaidizi akinakili DCIM peke yake na kufomati, sherehe imeondoka. Nakili kadi nzima, kuanzia folda ya juu kabisa.

Dalili: kadi imezama ziwani

Umeshuka kwenye mtumbwi, mfuko umejaa maji. Maji ya ziwa hayana chumvi, hiyo ni nafuu kubwa. SD nyingi zimezibwa vizuri, kinachoharibika ni kuichomeka ikiwa na maji. Usiijaribu. Kama ina tope au mchanga, isuuze kwa maji safi, kausha kwa kitambaa, iache mbele ya feni kivulini saa 24. CFexpress Aina B iachie siku mbili au tatu, maana maji huingia kwenye tundu lake la pini na hayatoki upesi. Usiizike kwenye mchele, vumbi lake linaingia kulekule unakotaka pakauke. Ikikauka, pitisha pamba yenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye pini, subiri ipotee, na uichomeke kwenye rida kwanza, si kwenye kamera. Ikifunguka, nakili kila kitu papo hapo, halafu ipitishe kwenye H2testw kabla hujaipa kazi tena.